Chembe za Kijani Hazikuletwa na Mto

Nitaanza na lilelile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: chembe za glaukoniti, madini ya kijani yenye chuma na potasiamu, hazikuletwa na mto. Zimekulia palepale, chini ya bahari. Bado nasoma ripoti ambamo mtu kaona mchanga wa kijani kwenye mwamba, akaandika "umesombwa kutoka nchi kavu", basi, yamekwisha. Mwingine anaandika shaba kwa sababu ya rangi tu. Shaba gani, jamani? Hicho ni chuma.

Ishike chembe moja uitazame kwa lenzi. Nyingi zina umbo la gamba la foraminifera, vijidudu vya baharini visivyoonekana vizuri kwa macho, vyumba vyote vimejaa kijani. Wanasayansi Murray na Renard walishaeleza haya mwaka 1891, kutokana na mashapo yaliyozolewa na meli ya utafiti ya Challenger. Chembe nyingine ni kinyesi kilichoganda cha wanyama wadogo. Chekeni tu, lakini humo ndimo kazi inamofanyika. Bakteria wanaozesha mabaki, oksijeni inapungua, sehemu ya chuma inayeyuka na kuingia kwenye udongo wa mfinyanzi unaokua humo ndani. Nje ya chembe maji yana oksijeni yake kama kawaida. Oksijeni ikizidi ndani, chuma kinabaki kutu; ikiisha kabisa na salfaidi ikatawala, chuma kinaishia kuwa pairaiti, madini ya chuma na salfa.

Najua mtu wa nyuma pale anasema moyoni: basi matope yote ya bahari yangekuwa kijani. Thubutu! Chembe haikomai bila potasiamu, nayo lazima itoke kwenye maji ya bahari, na humo iko kiasi cha gramu 0.4 tu kwa kilo. Mto ukimwaga matope, chembe inafukiwa, inatengwa na maji ya bahari, inadumaa. Ndiyo maana tunaikuta kwenye sehemu zisizopata mashapo mengi, kwa kawaida kina cha mita 50 hadi 500, kama Benki ya Agulhas kusini mwa Afrika. Chembe changa ni kijani hafifu, oksidi ya potasiamu asilimia 2 hadi 4. Iliyokomaa inapita 8, ni kijani kinachokaribia weusi, imevimba hadi ikapata nyufa, na nyufa nazo zikajaa. Kufika hapo kunaweza kuchukua miaka milioni moja. Wewe umeifuta kwa "umesombwa"!

Zipo zilizohamishwa na mikondo, sikatai. Hizo huwa zimesagika, na bado zilizaliwa baharini.

Madini ya kijani ya midomo ya mito ya tropiki, kama mto Niger, ni ukoo mwingine; msiyachanganye. New Jersey, Marekani, karne ya 19, wakulima waliumwaga mchanga wa glaukoniti mashambani kama mbolea, ingawa potasiamu yake inaachia taratibu mno. Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali.