Zamu tano za kwanza za Polytopia

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunakaa na mchezo mmoja tu, The Battle of Polytopia, kazi ya kampuni ndogo ya Sweden inayoitwa Midjiwan, uliotoka mwaka 2016. Kaka Salum, ni wewe uliyeng'ang'ania tuupe kipindi kizima.

SALUM: Na ningeomba viwili, dada. Naupenda mno, ndiyo maana kasoro zake zinaniuma. Kwa asiyeujua: unaanza na kabila, mji mkuu mmoja, askari mmoja, na ramani yote imefunikwa na mawingu. Unacheza zamu yako, mwenzako naye yake. Mtandaoni mnaweza kupeana saa 24 kwa zamu, kwa hiyo mtu yuko Mombasa, mwingine Muscat, kila mmoja anacheza akipata nafasi.

REHEMA: Mtandao ukikatika unasubiri urudi, unaendelea. Kwa watu wa simu, hilo ni jambo kubwa. Haya, tuingie. Kwa nini unasema mchezo unaamuliwa mapema?

SALUM: Kwa sababu ya nyota, yaani fedha ya humo ndani. Makabila mengi yanaanza na nyota 5, na mji mkuu unakuingizia 2 kila zamu. Ni kidogo sana. Kila nyota unayoitumia vibaya mwanzoni utaidai mpaka mwisho.

REHEMA: Chukua Bardur, watu wa misitu. Wao wanaanza wakijua kuwinda. Mnyama mmoja ni nyota 2, anaongeza mkazi mmoja. Ukiwinda wawili umetumia 4, na mji unapanda ngazi ya pili kabla hata hujamsogeza mtu mbali.

SALUM: Hapo unaulizwa: unataka karakana, inayoongeza nyota moja kila zamu hadi mwisho, au mpelelezi, anayezunguka mawinguni akifunua ardhi? Ukichukua karakana, pato linatoka nyota 2 hadi 4. Limezidishwa mara mbili kwa zamu moja. Imperius ni vilevile, ila wao wanachuma matunda badala ya kuwinda.

REHEMA: Na wewe unachagua karakana kila mara.

SALUM: Kila mara kwenye mji mkuu! Na kila mchezaji mzuri niliyekutana naye anafanya hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi. Mchezo unakuonyesha milango miwili, lakini mmoja haufunguliwi na mtu. Ngazi ya tatu, vivyo hivyo: ukuta wa mji au nyota 5 taslimu. Zamu ya nne au ya tano nani anajenga ukuta wakati adui bado hajamwona?

REHEMA: Mimi nimeuchukua, nikiwa na jirani wa Oumaji. Wale wanaanza na mpanda farasi, anakwenda miraba miwili ambapo askari wako anakwenda mmoja. Kwenye ramani ndogo kabisa, ile ya miraba 121, Oumaji anakufikia ukiwa bado unahesabu matunda. Pale ukuta una maana.

SALUM: Nakubali, lakini ni hali moja kati ya nyingi. Uamuzi mzuri ni ule unaokufanya usite.

REHEMA: Kwa mpelelezi nitakupinga zaidi. Watu wanamdharau kwa sababu wanahesabu nyota tu. Ramani kubwa, wachezaji wanne au watano, wewe umezaliwa pembeni: usipojua vijiji, vile unavyoviteka vikawa miji yako, viko wapi, askari wako anatembea zamu tatu kuelekea baharini. Kijiji kilichochelewa zamu tatu ni hasara kubwa kuliko kukosa karakana. Kwa hiyo mji mkuu naupa karakana, na mji wa pili, kama bado sioni kitu, naupa mpelelezi.

SALUM: Mji wa pili, sawa. Hapo umenishika.

REHEMA: Tuje kwenye bei ya ujuzi, yaani mambo kama kuwinda au kupanda milima unayoyanunua kwa nyota, maana wageni wengi wanakwama hapo. Kila mji unaouteka unapandisha bei ya ujuzi wote uliobaki.

SALUM: Hesabu yake ni nyepesi. Ujuzi wa daraja la kwanza ni idadi ya miji jumlisha nne. La pili, miji mara mbili jumlisha nne. La tatu, mara tatu jumlisha nne. Ukiwa na mji mmoja unalipa 5, 6 au 7. Ukiwa na miji mitano ni 9, 14 au 19.

REHEMA: Mimi nauona ni uamuzi bora kabisa wa watengenezaji. Bila huo, anayepata vijiji vitatu haraka angenunua kila kitu na kumaliza mchezo.

SALUM: Nia ni njema, ila breki yenyewe inamkaba asiyestahili. Mwenye miji mitano iliyokua anaimudu bei hiyo. Anayeumia ni aliyeteka kijiji kwenye ardhi kavu, hakuna tunda, hakuna mnyama. Kile kijiji kinamletea nyota moja kwa zamu, na palepale kimempandishia bei ya kila kitu. Angekuwa hajakiteka angemwachia adui. Hana la kufanya.

REHEMA: Analo la kufanya, na hili wasikilizaji waliandike. Askari akifika kijijini, hateki siku hiyo, anateka zamu inayofuata. Kwa hiyo unajua mapema kwamba zamu ijayo bei itapanda. Zamu ikifika, kwanza nunua ujuzi, ndipo ubonyeze kuteka. Nyota zile zile, siku ile ile, umeokoa nyota 1 mpaka 3 kwa kupanga mkono tu.

SALUM: Kweli kabisa. Na kama una nyota zisizotosha, usingoje. Teka. Mji unaoingiza nyota unashinda punguzo la bei.

REHEMA: Majitu sasa.

SALUM: Eeh, majitu. Mji ukifika ngazi ya tano unapewa jitu bure, bila nyota hata moja. Lina uhai 40, askari wa kawaida ana 10. Na ngazi ya nne inakupa wakazi watatu wa ziada ukitaka, wakati ya tano inahitaji watano. Bado wawili tu, jitu liko mlangoni. Aliyeanza vizuri analipata wakati mwenzake ana askari wanne wenye marungu.

REHEMA: Dawa ipo. Yule mganga wa nyota 5 anayegeuza akili za askari wa adui. Akilifikia jitu, ni lako.

SALUM: Lakini anatokana na ujuzi wa daraja la tatu, upande wa milima. Xin-xi wanaanza na kupanda milima, kwao ni hatua mbili. Wengine wengi hatua tatu. Asiyekuwa na nyota za kununulia ndiye anayemhitaji.

REHEMA: Ujuzi huo huo unapunguza bei ya ujuzi mwingine kwa theluthi moja, kwa hiyo haupotei. Mimi nikiona mji wa jirani umefika ngazi ya tatu na nina miji mitatu, naanza kuelekea huko, sijengi jeshi.

SALUM: Na utauonaje mji wake kama uko mawinguni? Ndipo nasema mpelelezi angepewa thamani zaidi. Kwa mfano, azunguke mbali zaidi kabla ya kutoweka. Ardhi aliyoifunua inabaki wazi, lakini mara nyingi haufikii mji wa adui. Wakimpa nguvu hiyo, karakana itapata mshindani, na jitu halitamkuta mtu amelala.

REHEMA: Hilo ningelipokea kwa mikono miwili. Mimi ningegusa pia anayeanza wa pili. Kwenye ramani ya watu wawili, kijiji kilicho katikati ni cha aliyeanza kwanza, basi. Nyota moja ya ziada kwa wa pili ingetosha kumpa askari zamu moja mapema.

SALUM: Nyota moja mwanzoni ni nyingi, dada. Bardur akianza wa pili na nyota 6 anawinda wawili, na zile 2 zinazobaki ananunua askari siku ile ile.

REHEMA: Basi Bardur wasipewe. Wape Oumaji na Xin-xi, ambao ardhi yao haiwabebi hivyo.