PTR haiwekwi na mwenye kikoa

Ndugu zangu, lalamiko ninaloletewa mara nyingi ni hili: seva ya barua pepe imesimama vizuri, rekodi ya A (inayoelekeza jina kwenye anwani ya IP) ipo, MX (inayotaja seva ya kupokea barua za kikoa) ipo, lakini Gmail inazirudisha barua kwa kosa 550-5.7.25, yaani anwani ya IP iliyotuma haina rekodi ya PTR, ile inayogeuza anwani kuwa jina. Mhusika anashangaa, "Mbona nimeiweka?" Nami humwuliza: umeiweka wapi?

Karibu kila mara tatizo liko hapo. Kikoa, yaani jina kama example.com, umekilipia, ni chako. Anwani ya IP ni ya aliyepewa fungu zima la anwani, yaani kampuni inayokupa intaneti au iliyokukodisha seva. Kwa Afrika mafungu hayo hugawiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius, nayo ndiyo humkabidhi mwenye fungu zoni ya kinyume, yaani sehemu ya mfumo wa majina ya intaneti (DNS) inayotoa majina ya anwani hizo. Ukiandika PTR ndani ya zoni ya kikoa chako haitasomwa, maana anayeuliza jina la anwani hapiti huko kabisa.

Chukueni anwani ya mfano, 192.0.2.25. Inageuzwa nyuma mbele, inakuwa 25.2.0.192.in-addr.arpa, kisha swali linashuka kuanzia arpa, ngazi kwa ngazi. Andikeni amri ya dig +trace -x pamoja na anwani yenu, msome mstari kwa mstari. Rekodi za NS (zinazotaja seva za zoni) za mwisho zinaonyesha nani ameshika zoni. Huyo ndiye wa kuombwa. Msipoteze siku kubishana na msajili wa kikoa, hana mamlaka hayo.

Na kama zoni mmekabidhiwa wenyewe, angalieni nukta. Mkiandika mail.example.com bila nukta mwishoni, BIND, programu ya seva ya DNS, huongezea jina la zoni, jibu linatoka mail.example.com.2.0.192.in-addr.arpa. Nukta moja tu! Pandisheni pia namba ya SOA, yaani namba ya toleo la zoni, la sivyo seva za akiba zinazonakili zoni zitaendelea kutoa jibu la zamani.

PTR ikishatoa jina, ulizeni pia anwani ya jina hilo. Lisiporudisha anwani ile ile, wapokeaji wengi hawatawaamini.

Tafadhali, IPv6 isiachwe. Seva yenye anwani za aina zote mbili inaweza kutuma kwa IPv6 bila ninyi kujua, na huko PTR ni nyingine, chini ya ip6.arpa, tarakimu zote 32 zimegeuzwa mojamoja. Mkiona barua nyingine zinafika na nyingine zinakataliwa, anzieni hapo.