Afisa Mpya wa Wanafunzi na Swali la Pili

Ndugu Mwenyekiti, ndugu walezi wa wanafunzi mliotoka vyuo vya Arusha na vya hapa Moshi, na hasa ninyi mlioajiriwa mwaka huu, nawasalimu.

Nimepewa mada ndefu, ya stadi zinazotarajiwa kwa maafisa wapya wa huduma za wanafunzi, na walionisikia mahali pengine watakuwa wamekwisha kukisia kwamba nitaipunguza mpaka ibaki stadi moja. Hawajakosea. Muundo wa ofisi ya mlezi na kanuni za mabweni mlielezwa katika mafunzo elekezi, nami sitavirudia.

Wenzetu wa Marekani, kupitia vyama viwili vya taaluma hii, ACPA na NASPA, walitoa mwaka 2010 orodha ya maeneo 10 ya umahiri, wakaipitia upya mwaka 2015. Ni orodha nzuri, nanyi muisome: imo sheria na sera, yamo maadili, tathmini, uongozi, teknolojia, na kushauri na kusaidia. Ninacholalamikia ni namna tunavyozitumia orodha za aina hiyo. Tunazigeuza kuwa maswali ya usaili, mtu anajibu vizuri, anaajiriwa, halafu Jumatatu asubuhi mwanafunzi anabisha hodi na afisa hajui aanzie wapi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba jambo ambalo mwanafunzi wetu analitaja kwanza, mara nyingi silo lililomleta.

Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, kijana wa mwaka wa pili alifika ofisini kuomba kuhamishwa chumba bwenini. Afisa aliyempokea alikuwa mpya, mwenye shahada ya uzamili katika ushauri nasaha, mtu mwema kwa kila hali. Alimweleza kwamba vyumba vimejaa, jambo ambalo lilikuwa kweli, akamwongezea na mawaidha ya kuishi na wenzake kwa uvumilivu. Kijana akasema ahsante mama, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi na ombi lilelile, akapewa jibu lilelile, na kwenye daftari la ofisi ikaandikwa kwa mwandiko wa kupendeza: “Ameomba chumba, ameelimishwa.” Ameelimishwa!

Alipokuja tena, afisa alikuwa kikaoni, na aliyekuwapo ni katibu muhtasi, mama ambaye hajawahi kukaa darasa la ushauri nasaha hata siku moja. Alimvutia kiti, akamuuliza, “Mwanangu, hicho chumba kina nini?” Kijana akajibu kwamba hakina neno. “Sasa humo ndani unamkimbia nani?” Hapo ndipo yakatoka. Wenzake wa chumbani walikuwa wakichanga fedha ya mchele, mboga na gesi, naye hakuwa amechanga tangu muhula uanze, hivyo kila walipopakua usiku alijifanya ana kazi maktaba. Hakuchanga kwa sababu bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halijaingia. Halijaingia kwa sababu jina lililo kwenye akaunti yake ya benki lilipishana na lililo kwenye maombi ya mkopo, na yeye aliamini kwamba amenyimwa mkopo, asijue kwamba dawati la mikopo, ambalo ndilo lingefuatilia marekebisho hayo Bodi ya Mikopo, lilikuwa milango michache tu kutoka pale alipoketi. Begi alikwisha kulifunga.

Naomba msiichukue habari hii kuwa ushahidi kwamba shahada hazina maana, kwani hilo ni kosa jingine, na ni la uvivu. Afisa yule alijua nadharia za makuzi ya vijana kuliko mimi. Alichokosa ni mazoea ya kutolijibu ombi kabla ya kuuliza swali la pili, na mazoea hayo hayamo katika cheti chochote ninachokijua, ingawa yanaweza kufundishwa kwa siku moja na kusimamiwa kwa mwaka mmoja.

Najua yupo hapa anayesema moyoni kwamba ofisi yake ina maafisa wawili na wanafunzi maelfu, na kwamba swali la pili ni anasa ya vyuo vyenye watumishi wengi. Ndugu yangu, fungua daftari lako mwenyewe uhesabu ni wangapi wamerudi kwa ombi lilelile. Ofisi iliyompokea kijana yule mara mbili bure ndiyo iliyopoteza muda, na mama wa pale mapokezi, aliyemsikiliza kabla chai yake haijapoa, ndiye aliyeuokoa.

Mwingine atauliza kwa nini mwanafunzi, mtu mzima mwenye kadi ya mpiga kura, asiseme shida yake waziwazi. Hasemi kwa sababu tumemlea asiseme. Kijana aliyetoka Same, Kasulu au Mbulu amefundishwa kwamba mkubwa akishatoa jibu hapingwi, na kwamba njaa ni siri ya nyumbani. Ukimjibu haraka, ataichukua heshima yake na kuondoka nayo. Wenzetu walioandika maeneo 10 hawakuwa na sababu ya kutufundisha namna ya kupita katikati ya heshima hiyo bila kuivunja. Hiyo ni kazi yetu. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba mwanafunzi akalishwe, mlango ufungwe ikiwa nje kuna foleni, na asiulizwe “una tatizo gani,” maana hilo humfanya mtu ajitetee. Muulize juu ya kitu alichokitaja mwenyewe: chumba, ratiba, barua anayoiomba na anakotaka kuipeleka. Anayeishi chumba cha kupanga Longuo au Njiro muulize jana alirudi saa ngapi na kwa njia gani, kwa sababu huko hana mlezi wa bweni, ana mwenye nyumba tu.

Wa tatu atasema huku ni kuchokonoa maisha ya watu. Kuuliza kwa faragha si kuchokonoa. Kuchokonoa ni lile daftari kuachwa wazi kwenye kaunta, likisomwa na kila anayesubiri, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo baadhi yetu tunaifahamu kwa jina tu. Andikeni vya kutosha ili mwenzako akikupokea kesho asianze upya, kisha fungieni kabatini.

Mwenyekiti amenisukumia kikaratasi, kwa hiyo yaliyobaki nayapitia mbiombio. Mwanafunzi anayetaka kwenda nyumbani kwa sababu yoyote asiondoke bila kuahirisha masomo kwa utaratibu, kwani anayetoweka bila barua hurudi na kukuta nafasi yake ina mgogoro. Mfahamuni kwa sura mtu wa kumpigia simu Hospitali ya KCMC hapa Moshi au Hospitali ya Mount Meru kule Arusha kabla ya usiku mtakaomhitaji. Namba iliyobandikwa ukutani na mtangulizi wako inaweza kuwa ya mtu aliyestaafu. Kuhusu serikali ya wanafunzi nilitaka kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Julai 1971, rais wa wanafunzi, Akivaga, alipofukuzwa baada ya kumwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi, kwa kuwa barua ya viongozi wa wanafunzi nayo ni ombi la kwanza tu na inastahili kuulizwa, hata ikiwa imeandikwa kwa hasira. Tathmini na takwimu, ambazo zimo katika ratiba yenu chini ya jina langu, leo sizigusi.

Baada ya chai mtagawanyika wawili wawili. Mmoja awe mwanafunzi anayeomba barua ya ruhusa, mwingine awe afisa, na mwanafunzi asitaje shida yake mpaka aulizwe. Ninyi wakuu wa idara mliokaa nyuma, mtacheza nafasi ya wanafunzi.