Ukishinda kesi ya biashara, nani atamlazimisha aliyeshindwa?

ASHA: Mbukwenyi wasikilizaji, karibuni tena kutoka hapa Dodoma. Ni mimi Asha, niko na kaka Yohana. Leo ni kesi za biashara baina ya nchi na nchi. Kaka, wiki nzima unaniambia hukumu kutoka si tatizo.

YOHANA: Si tatizo, dada. Shida ni kutekelezwa. Chukua Shirika la Biashara Duniani, WTO. Nchi ikiona inaonewa inashtaki Geneva, jopo linasikiliza, linaamua. Aliyeshindwa anapewa muda wa kurekebisha sheria zake, kwa kawaida usiozidi miezi 15. Asiporekebisha, hakuna polisi wa kumfuata.

ASHA: Hata mali yake haikamatwi? Maana Agosti 2019 ndege yetu ilizuiliwa Johannesburg.

YOHANA: Ile ilikuwa kesi ya mtu binafsi anayedai fidia, akaenda mahakama ya Afrika Kusini. WTO ni serikali kwa serikali. Kinachobaki ni mshindi kuomba ruhusa ya kulipiza, yaani apandishe ushuru kwa bidhaa za yule mkaidi hadi kiwango kilichokubaliwa. Na hasara uliyoipata miaka yote ya kesi, hiyo hulipwi.

ASHA: Sasa mwenye soko dogo atalipiza kwa nini?

YOHANA: Hapo ndipo panaponiuma. Antigua na Barbuda waliishtaki Marekani mwaka 2003 kuhusu kamari ya mtandaoni, wakashinda. Mwaka 2007 wakakadiriwa haki ya kulipiza hadi dola milioni 21 kwa mwaka, tena kupitia hakimiliki, yaani wasizilinde hakimiliki za Wamarekani, kwa sababu visiwa vile vikipandisha ushuru vinaumiza wananchi wao wenyewe. Ruhusa rasmi ikaja 2013. Marekani haikutikisika.

ASHA: Na Brazil je?

YOHANA: Brazil ni habari nyingine kabisa. Walishtaki mwaka 2002 kuhusu ruzuku ambazo Marekani inawapa wakulima wake wa pamba. Rufaa ikaisha 2005, Brazil wakashinda. Marekani ikarekebisha vitu vichache, mengine ikaacha. Mwaka 2009 Brazil wakapata ruhusa ya kulipiza, na 2010 wakatangaza orodha ya bidhaa: magari, ngano, vipodozi. Wakasema wazi kwamba na hataza, yaani haki za uvumbuzi, za kampuni za Marekani zitaguswa. Wiki chache baadaye Marekani wakaja mezani. Wakakubali kutoa dola milioni 147.3 kwa mwaka kwa mfuko wa wakulima wa pamba wa Brazil, na 2014 wakamalizana kwa dola milioni 300.

ASHA: Ngoja kwanza. Badala ya kuacha ruzuku, wakawalipa wakulima wa Brazil?

YOHANA: Ndivyo ilivyokuwa! Sasa Benin, Burkina Faso, Chad na Mali walikuwa wanalalamikia ruzuku hizohizo tangu 2003. Fedha zile hazikuwahusu. Na pamba ya Iramba pale Singida, pamba ya Shinyanga, inauzwa kwenye soko lilelile la dunia. Bei ikishushwa na ruzuku inashuka kwa wote, malipo yakija yanakwenda kwa mwenye ubavu. Mimi siwezi kuiita hiyo haki.

ASHA: Halafu kuna suala la rufaa.

YOHANA: Chombo cha Rufaa cha WTO kina viti saba, na kesi moja inahitaji wajumbe watatu. Marekani ilizuia uteuzi mpaka Desemba 2019 wakabaki pungufu. Tangu hapo anayeshindwa anakata rufaa mahali ambapo hakuna wa kusikiliza, na hukumu inaning'inia. Indonesia ilifanya hivyo Desemba 2022 kwenye kesi ya nikeli iliyofunguliwa na Umoja wa Ulaya.

ASHA: Tuje kwetu, kaka. Ukipita Kibaigwa wakati wa mavuno unaona malori kandokando ya barabara ya Morogoro, vijana wanashona magunia ya mahindi. Ikisikika tu kwamba Namanga hakupitiki, mnunuzi wa Nairobi hapokei simu tena, na dalali anashusha bei hapohapo mbele ya mkulima. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka.

YOHANA: Na tuseme ukweli, sumukuvu ipo. Mwaka 2016 watu walifariki Chemba na Kondoa. Sheria za biashara zinaruhusu nchi kulinda afya, ila kwa ushahidi wa kisayansi. Ndani ya siku chache Kenya ilibadilisha, ikataka cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hilo linatekelezeka. Kufunga ghafla malori yakiwa njiani, hapana.

ASHA: Lakini na sisi tunafunga. Aprili 2025 tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini.

YOHANA: Kwa siku chache, na wao walianza kuzuia ya kwetu. Ila jiulize, mfanyabiashara wa mazao angemshtaki nani, wapi? SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikuwa na mahakama yake. Zimbabwe ilikataa hukumu ya 2008 kuhusu mashamba, na badala ya kuibana Zimbabwe, marais wakaisimamisha mahakama mwaka 2010. Mkuki kwa nguruwe! Nchi ndogo ikidharau hukumu inabomoa ngao yake yenyewe, kwa sababu haina soko la kumtishia mtu kama Brazil walivyofanya.

ASHA: Kwa Afrika Mashariki bado tuna mahakama ya jumuiya yetu pale Arusha.

YOHANA: Tunayo, na pale hata mkazi wa kawaida au kampuni inaweza kuishtaki serikali. Mwaka 2019 mahakama ile iliamua dhidi ya Uganda, iliyokuwa inatoza sigara kutoka Kenya ushuru mkubwa kuliko za ndani. Wafanyabiashara wetu wengi hawaijui njia hii. Wanabaki kumpigia simu mbunge.

ASHA: Mtu akizuiliwa mzigo leo, ana muda gani?

YOHANA: Miezi miwili tangu jambo litokee au tangu alipolijua. Ikipita, kesi haipokelewi. Kwa hiyo karatasi ya zuio aidai palepale mpakani, yenye tarehe na mhuri.