Leo Anacheza Nani?

(Mhadhara uliotolewa Kampala mbele ya wanachama wa kilabu cha Kiswahili)

Wazee wangu, dada na kaka zangu, habari za jioni. Mwenyekiti aliponipigia simu kuniuliza nitazungumzia nini nikamjibu baleti, ile ngoma ya Ulaya inayosimulia hadithi kwa mwili na muziki, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa dada, ila utueleze kwa Kiswahili chetu." Nimekuja kujaribu.

Nilizaliwa Bombo, katika nyumba ya Wanubi, na kabla sijaijua baleti niliijua doluka, ngoma yetu ya Wanubi. Harusi ikikaribia, kina mama hawakuulizana kama doluka itachezwa, maana hilo lilikuwa wazi. Waliulizana nani ataongoza. Bibi yangu alikuwa akijifunga gurbaba, vazi lake la Kinubi, huku anauliza, "Leo anacheza nani?" Akitajiwa jina fulani, anaharakisha. Akitajiwa jina jingine, anakaa amalize chai yake kwanza. Nyimbo ni zilezile, ua ni uleule, lakini yeye alijua kwamba doluka ya mtu huyu si doluka ya mtu yule. Hilo swali la bibi ndilo nimekuja nalo leo.

Nilikaa London miaka minne, nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Kule Covent Garden kuna jumba la Royal Opera House, ukumbi wa watu zaidi ya 2,000, na ndani yake wanafanya kazi wachezaji wa kundi la Royal Ballet. Viti vya chini bei yake sikuithubutu. Lakini kuna nafasi za kusimama, pembeni na juu kabisa, ambazo mfanyakazi kama mimi aliweza kuzimudu. Nikazoea. Nilikuwa nikitoka zamu, nabadilisha basi mara mbili, nasimama kwa muda wa saa tatu nikiwa nimeegemea chuma, miguu inawaka moto, na sikujuta hata siku moja.

Ukiingia, unapata karatasi yenye majina ya watakaocheza usiku ule. Karatasi zile ninazo hadi leo, zimejaa bahasha mbili. Maana baleti moja ikiwekwa jukwaani kwa wiki kadhaa, haichezwi na watu walewale kila siku. Mwili hauwezi. Kwa hiyo kunakuwa na jozi nne, tano, sita za wachezaji wakuu, wanapokezana. Mkurugenzi ndiye anayepanga, kama kocha anavyopanga kikosi. Anaangalia nani ana majeraha, nani amekomaa, nani bado mbichi. Anaangalia hata urefu: mwanamke akisimama juu ya ncha za vidole huongezeka kimo kwa zaidi ya upana wa kiganja, na mwanamume mfupi hatamfaa. Anaangalia pia kitu kisichopimika, kama wawili hawa wakikutanishwa cheche itatoka au haitatoka. Hapo mkurugenzi anabahatisha kama sisi tu.

Nianze na Giselle, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Ni ya zamani, ilichezwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1841. Msichana wa kijijini anapendwa na kijana aitwaye Albrecht, kumbe kijana ni mtoto wa wakubwa aliyejificha katika nguo za kimaskini, na tayari ana mchumba. Giselle akigundua, akili inamruka, anakufa. Sehemu ya pili ni usiku, makaburini. Kuna mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya harusi zao, na kila mwanamume anayepita pale wanamchezesha mpaka roho imtoke. Malkia wao, Myrtha, hana huruma. Albrecht anakuja na maua, wanamkamata, na Giselle, mzimu mpya, anamlinda hadi alfajiri. Mnaona? Hadithi hii ingeweza kusimuliwa Bombo jioni yoyote, na watoto wangeogopa kwenda chooni.

Msimu mmoja wa baridi niliiona na Marianela Nuñez, Muargentina, kisha na Natalia Osipova, Mrusi aliyetokea kundi la Bolshoi la Moscow. Hatua ni zilezile na muziki ni uleule wa Adolphe Adam. Nuñez ana furaha mwilini ambayo huwezi kuifundisha. Anapoingia sehemu ya kwanza, unampenda kama binti wa jirani, na kwa hiyo anapovunjika moyo, ni wewe umevunjika. Kila anachofanya kimekamilika, hakuna kona iliyoachwa. Osipova si hivyo. Osipova anaruka kama mtu aliyekwisha kusahau ardhi iko wapi. Tangu mwanzo nilimwogopea, niliona kuna kitu ndani yake kitakatika. Na katika sehemu ya pili, kasi yake ilinifanya niamini kweli kwamba mwili ule hauna uzito. Kwa Nuñez nililia Giselle alipokufa. Kwa Osipova nililia alfajiri ilipofika, akalazimika kurudi kaburini. Ni kilio cha aina mbili kutoka hadithi moja, na tofauti yake ni jina lililoandikwa kwenye karatasi.

Kuna watu husema, dada, lakini si mtunzi wa hatua ndiye mwenye kazi? Mchezaji si chombo tu? Ninawajibu kwa kisa cha Romeo and Juliet, baleti ya ile hadithi ya Shakespeare ya vijana wawili wapendanao ambao koo zao ni maadui.

Mtunzi Kenneth MacMillan aliitunga baleti hiyo juu ya miili ya wachezaji wawili vijana, Lynn Seymour na Christopher Gable. Ninaposema juu ya miili yao namaanisha hivyo hasa: baleti haitungwi mezani kwa kalamu, hutungwa chumba cha mazoezi, mtunzi akimtazama mtu huyu na kuona bega lake linaweza nini. Ilipofika siku ya kwanza, tarehe 9 Februari 1965, waliopanda jukwaani walikuwa Margot Fonteyn na Rudolf Nureyev. Majina yao ndiyo yaliyouza tiketi, na safari ya Marekani ilikuwa inakuja. Seymour na Gable wakasubiri zamu ya baadaye. Usiku ule watu walipiga makofi kiasi cha dakika 40, pazia likafunguliwa mara 43. Fonteyn alikuwa na umri wa miaka 45, anacheza msichana mdogo, na watu wakamwamini. Simnyimi sifa zake. Filamu yake ya mwaka 1966 ipo na ni nzuri. Lakini kila nikiitazama nahisi kuna nguo nzuri iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mpaka leo kisa kile kinaniuma, na mimi nilikuwa hata sijazaliwa.

Sasa ndani ya Romeo and Juliet kuna mahali ambapo Juliet hachezi kabisa. Wazazi wamemlazimisha aolewe na mtu asiyemtaka. Romeo ameondoka. Okestra inapanda, muziki wa Prokofiev unajaa ukumbi wote, na Juliet anakaa ukingoni mwa kitanda akitutazama. Hakuna hatua wala mkono kuinuliwa. Anakaa tu, na ndani ya kukaa huko lazima tumwone akiacha kuwa mtoto na kufanya uamuzi. Kisha anasimama anakimbia.

Ukitaka kumjua mchezaji, msubiri pale. Mzunguko hata mtu wa mazoezi mengi ataumudu. Katika baleti ya Swan Lake kuna ile mizunguko 32 ya mguu mmoja ambayo mashabiki huihesabu kwa sauti ya chini kama watu wanaohesabu penalti, na mimi kuhesabu huko sikupendi, kunatusahaulisha kumtazama mtu. Kukaa kimya mbele ya watu 2,000 ni kazi nyingine.

Nilimwona Francesca Hayward akikaa pale. Hayward alizaliwa Nairobi mwaka 1992, mama yake Mkenya, akalelewa Uingereza na babu na bibi yake, na mwaka 2016 akapandishwa kuwa mchezaji mkuu wa Royal Ballet. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama mtoto aliyeambiwa asubiri nje ya mlango wa daktari. Mabega madogo. Halafu, sikuona lini, mgongo ulikuwa umenyooka, na yule aliyekaa pale alikuwa mtu mzima. Mzee wa Kizungu aliyesimama karibu nami alishika chuma kwa mikono miwili. Mimi nilimwaza bibi yangu. Kama angekuwa hai na mtu amwambie jina hilo, chai ingebaki kikombeni.

Nitasema jambo la rangi ya ngozi, kwa ufupi, kwa sababu linahusu nani hupewa nafasi. Viatu vya ncha, vile vya kusimamia vidole, hutengenezwa kwa tabaka za kitambaa, karatasi na gundi, na mchezaji mkuu anaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja. Rangi yake ya kawaida ni ile ya pinki iliyofuata ngozi ya Mzungu, ili mguu uonekane mmoja mrefu. Wachezaji weusi kwa miaka mingi walikaa wakivipaka viatu vyao poda ya uso ya maji, jozi kwa jozi, kwa mikono yao. Mwaka 2018 ndipo kampuni ya Freed ya London, ikishirikiana na kundi la Ballet Black, ilipotoa viatu vya kahawia. 2018! Sote tuliomo humu tulikuwa watu wazima.

Na kuna kugawa nafasi kwingine kunakobadilisha hadithi yenyewe. Mchezaji Dada Masilo wa Johannesburg, na Dada hapa ni jina lake, aliitunga upya Giselle mwaka 2017 na kuicheza yeye mwenyewe. Nafasi ya Myrtha, yule malkia wa mizimu, alimpa mwanamume, akamfanya sangoma, yaani mganga wa jadi wa Afrika Kusini. Mwishoni Giselle hamsamehe Albrecht. Niliiona London, na palipokuwa na huruma kwa miaka zaidi ya 170, pakawa na hukumu. Wapo waliokasirika. Mimi nilitoka natetemeka, sikukubaliana na mwisho ule na bado sikubaliani nao, lakini nilimheshimu sana. Alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 39. Mola amrehemu.

Mniruhusu niseme juu ya usiku mmoja mbaya. Nilikuwa nimenunua tiketi miezi mitatu kabla, kwa ajili ya mchezaji mmoja tu. Nilibadilishana zamu na wenzangu wawili. Nafika mlangoni, ndani ya karatasi ya majina kuna kikaratasi kidogo: ameumia, nafasi yake itachukuliwa na fulani. Jina sikulijua. Msichana wa nafasi za chini. Nilisimama pale nikiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Pazia likafunguka, na dakika kumi za kwanza sikumtazama, nilikuwa namtafuta yule ambaye hayupo. Kisha msichana akateleza. Si kuanguka, mguu tu ulimponyoka. Akatabasamu, tabasamu la haraka, la kwake mwenyewe, akaendelea, na kuanzia hapo alicheza kama mtu ambaye jambo baya limeshapita na sasa yuko huru. Sijawahi kuona usiku kama ule. Jina lake lipo katika bahasha, nimelipigia mstari mara mbili.

Nilirudi nyumbani Uganda. Watu waliniambia utaikosa baleti yako. Ni kweli, naikosa. Lakini nenda Ntinda, pale Ndere, kundi alilolianzisha Stephen Rwangyezi mwaka 1984. Tazama baakisimba, ngoma ya Baganda. Embuutu, ngoma kubwa, inalia, engalabi, ile ndefu, inajibu, na kiuno cha mwanamke kiko katika mazungumzo na ngoma huku uso wake umetulia kama maji ya mtungi. Mwanzoni wageni huona viuno kumi vinavyofanana. Rudi mara tatu. Utaona kwamba yupo mmoja anayeisubiri ngoma, na yupo mmoja anayeitangulia kidogo, kama mtu anayejua utani kabla haujamalizwa. Na runyege ya Bunyoro na Tooro, ile ya njuga za miguuni? Zamani wasichana walichagulia pale wachumba. Nani anacheza lilikuwa swali la maisha.

Lakini katika maonyesho mengi ya ngoma niliyokwenda hapa mjini, sijapewa karatasi yenye majina. Jina la kundi lipo. Jina la ngoma lipo, na kabila lake. Mchezaji hana jina. Siku moja baada ya onyesho nilimfuata binti aliyeongoza, nikamuuliza anaitwa nani. Alidhani nina malalamiko. Nilipomwambia nataka kuliandika tu, alinitajia jina lake lote, la baba na la ukoo, polepole, akisubiri kalamu yangu imalize. Halafu akaniuliza kama naweza kuandika na la mpiga engalabi.

Tangu siku hiyo natembea na daftari. Nililoliomba kwa wenye kumbi ni dogo: karatasi moja, hata ya kurudufu, yenye majina ya usiku ule. Mmoja ameniahidi. Namsubiri.

Jumapili hii jioni naenda Ntinda. Gari langu lina nafasi tatu, na anayetaka aniambie kabla hajaondoka hapa. Nimeshapiga simu kuuliza nani anaongoza, na nawaomba msichelewe.