Deraya Nyepesi au Nzito? Namna ya Kuchagua Ndani ya Skyrim

Mbukwenyi wadau, karibuni. Leo tunaingia Skyrim, gemu la mapanga, uchawi na mazimwi, na tunajibu lile swali ambalo vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na wa mabanda ya gemu ya Majengo mnaniuliza kila tukikutana: nivae deraya nyepesi au nzito? Fungua gemu lako, sogea karibu na kioo, twende pamoja. Huo mvumo mnaousikia nyuma ya sauti yangu ni upepo wa Dodoma. Mwezi wa saba na wa nane ndio hali yetu, hata dirisha likifungwa.

Kabla hatujagusa chochote, liweke hili kichwani. Watu wengi wanatazama namba ya ulinzi tu, wanachukua iliyo kubwa, wanaondoka. Hiyo namba ina ukomo. Deraya yoyote ndani ya Skyrim haiwezi kupunguza zaidi ya asilimia 80 ya pigo la silaha. Ukomo huo unaufikia ukiwa na ulinzi wa 567 na umevaa vipande vyote vinne: kofia, vazi la kifuani, glavu na buti. Ukiongeza ngao, 542 inatosha. Nyepesi ikiboreshwa vizuri inafika, na nzito inafika. Kwa hiyo huko mwishoni zote ziko sawa. Tofauti utaiona njiani, na sehemu kubwa ya gemu hili utaicheza ukiwa njiani.

Hatua ya kwanza: jitazame unavyopigana. Sevu kwanza, kwa kompyuta ni F5. Jizoeze kusevu kila ukimaliza chumba, maana umeme ukikatika katikati ya pango utarudia yote. Sasa toka Riverwood, kijiji cha mwanzo, panda njia ya kwenda Bleak Falls Barrow, lile pango la makaburi. Njiani kuna mnara wenye majambazi wachache, wanatutosha kabisa. Pigana nao kwa namna inayokujia yenyewe. Usijibane uonekane shujaa.

Wakishaanguka wote, kumbuka ilivyokwenda. Yule wa kwanza ulimwangusha kwa mshale kabla hajakuona? Alipokukaribia ulirudi nyuma, ukazunguka, ukapiga, ukarudi tena? Basi wewe ni mtu wa nyepesi. Au ulimwendea moja kwa moja na shoka la mikono miwili, ukapokea pigo lake huku unapandisha la kwako? Wewe ni wa nzito, na hakuna ubaya wowote. Sipendi kabisa ule ushauri wa mitandaoni unaosema nzito ni ya watoto na nyepesi ni ya wajuzi. Mchezaji mwenye shoka kubwa aliyevaa ngozi anajitesa bure.

Hatua ya pili ni uzito, na hapa naomba tukae kidogo. Bonyeza herufi I ufungue mzigo wako. Kwa wenye PlayStation, bonyeza duara kisha nenda upande wa kulia. Tazama chini ya kioo: uwezo wako wa kubeba mwanzoni ni 300. Sasa tuweke seti mbili za mwanzo bega kwa bega. Seti kamili ya chuma, ambayo ni nzito, bila ngao, ina ulinzi wa 60 na uzito wa 46. Seti kamili ya ngozi, ambayo ni nyepesi, ina ulinzi wa 52 na uzito wa 12. Hizo ni namba za msingi; kwako zitasoma juu kidogo kwa sababu ujuzi wako unaziongeza.

Piga hesabu nami. Tofauti ya ulinzi ni 8. Kila pointi moja ya ulinzi inapunguza pigo kwa asilimia 0.12. Nane mara 0.12 haifiki hata asilimia 1. Kwa ajili ya hiyo asilimia 1 umebeba uzito wa 34 zaidi. Ukiwa ndani ya Bleak Falls, uzito wa 34 ni panga mbili za Ancient Nord na nafasi inabaki, na panga hizo ni pesa ukirudi nazo kwa mwenye duka pale Riverwood. Mgeni hana pesa. Anahitaji kila kitu anachoweza kutoka nacho pangoni. Na ukishazidisha mzigo huwezi kukimbia, unatembea taratibu kama mtu anayesukuma mkokoteni wa maji kwenye mchanga, na ramani haikuruhusu kusafiri kwa haraka.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza ni nyepesi, isipokuwa kama ameshaamua kutumia silaha ya mikono miwili.

Sasa tumpe haki yake mwenye nzito. Ngazi za katikati pengo linapanuka, kwa sababu ujuzi na vipawa (nyongeza unazozinunua kwa pointi unazopata ukipanda ngazi, zimepangwa kama mti kwa kila ujuzi) vinazidisha namba ya msingi, na msingi wa nzito ni mkubwa. Hata mwishoni kabisa, seti ya Daedric ina msingi wa 108 wakati Dragonscale, ambayo ni nyepesi, ina 82. Maana yake mwenye nzito anaufikia ukomo mapema, bila kuhangaika sana na uhunzi. Ila tazama uzito tena: Daedric 81, Dragonscale 20.

Na kuna jambo ambalo namba ya ulinzi haikuonyeshi, nalo ni kuyumbishwa. Adui mwenye rungu akikupiga vizuri, mhusika wako anapepesuka, na akiwa anapepesuka huwezi kupiga wala kukinga. Pigo la pili linakukuta hapo hapo. Kwenye mti wa deraya nzito kuna kipawa kinaitwa Tower of Strength, unakipata ujuzi ukifika 50, kinapunguza kuyumbishwa kwa nusu. Kwa mtu anayesimama uso kwa uso na adui, hicho kinaokoa maisha kuliko pointi ishirini za ulinzi.

Hatua ya tatu: fungua miti ya vipawa, usome mbele. Usitumie pointi bado, soma tu. Kwenye nyepesi, ukifika 50 unakuta Unhindered: deraya uliyovaa haina uzito tena na haikupunguzii mwendo. Ukifika 60 kuna Wind Walker, stamina (pumzi ya mhusika wako) inarudi kwa kasi zaidi kwa asilimia 50. Mpiga mishale na mnyataji wanakihitaji hiki sana. Kwenye nzito, kipawa cha kuondoa uzito kinaitwa Conditioning na hukipati mpaka 70. Kutoka mwanzo hadi 70 ni safari ndefu ya kubeba vyuma. Anayetaka njia ya mkato aende kwenye jiwe la Steed, kaskazini magharibi ya mji wa Solitude. Jiwe hilo linafuta uzito wa deraya uliyovaa na kukuongezea uwezo wa kubeba kwa 100. Kwa mwenye nzito, hiyo ni safari ya kufanya mapema.

Kwa wanyataji: deraya nzito ina kelele. Mti wa Sneak una kipawa cha Muffled Movement, kwenye 30, kinachopunguza kelele za deraya kwa nusu, lakini kwa nini utumie pointi kutibu ugonjwa uliojitakia?

Hatua ya nne: usichanganye. Naona picha mnazonitumia, kofia ya chuma, kifua cha ngozi, buti za chuma. Miti yote miwili ina kipawa kwenye 30, Custom Fit kwa nyepesi na Well Fitted kwa nzito, kinachoongeza ulinzi kwa asilimia 25 ukivaa vipande vyote vinne vya aina moja. Kwenye 70 kuna Matching Set, inaongeza asilimia 25 nyingine ukivaa seti inayofanana. Kipande kimoja tu kikitoka aina nyingine, vyote viwili vinazimika. Tena ujuzi wa deraya unapanda unapopigwa ukiwa umeivaa. Ukichanganya, mafunzo yanagawanyika na hakuna mti unaokua vizuri.

Hapo mpiga mishale ana tatizo lake: hapigwi, kwa hiyo ujuzi wake wa deraya umelala. Tafuta mwalimu. Wa nyepesi yuko Grelka, sokoni Riften. Wa nzito yuko Farkas wa kundi la Companions, Whiterun. Unaruhusiwa masomo 5 kwa kila ngazi unayopanda, na unalipia kwa dhahabu.

Hatua ya tano ni uhunzi, na hii ni fupi. Mti wa Smithing una pande mbili. Upande wa nyepesi unapita Elven kwenye 30 na Glass kwenye 70. Upande wa nzito unapita Dwarven kwenye 30, Orcish 50, Ebony 80 na Daedric 90. Pande zote zinakutana juu kabisa, kwenye deraya za mazimwi. Chagua upande unaolingana na ulichovaa, ubaki huo huo. Na boresha deraya yako kwenye meza ya fundi kila unapopata madini, hata kama ni ya ngozi.

Jambo la muhimu kwa wote: deraya haizuii uchawi. Moto wa zimwi unapita kwenye Daedric sawasawa unavyopita kwenye ngozi. Kama unakufa kwa moto na barafu, kubadilisha deraya hakutakusaidia. Tafuta vitu vyenye kinga ya uchawi, au kama unatumia ngao, chukua Elemental Protection kwenye mti wa Block, ukikinga inakata moto, barafu na radi kwa nusu.

Na kama umeshafika mbali ukagundua unataka kuhamia upande wa pili, sikia. Wenye nyongeza ya Dragonborn, malizeni kwanza hadithi yake kuu. Baada ya hapo rudini kwenye kitabu cheusi kiitwacho Waking Dreams. Mle ndani mnaweza kurudisha pointi zote za mti mmoja kwa kulipa roho moja ya zimwi. Wasio na nyongeza hiyo, acheni pointi za zamani zilipo, vaeni seti mpya kamili, nendeni kwa mwalimu mkanunue masomo yote 5, kisha pointi ya kwanza mtakayopata muiweke kwenye kipawa cha chini kabisa cha mti mpya.