Sauti ya Ava Gardner

Asanteni, karibuni, naona wengine bado mnatafuta viti, tafuteni tu taratibu, mimi naanza maana nikisubiri tutakesha. Projekta imegoma, kwa hiyo zile picha nilizowaahidi hamtaziona, mtanisikia mimi tu, na kusema kweli wala sijaumia sana, kwa sababu huyu mama ninayemzungumzia leo maisha yake yote watu walimwangalia, ila kumsikiliza walikuwa wavivu.

Ava Gardner, mwigizaji wa Hollywood. Kazaliwa tarehe 24 Desemba 1922, mkesha wa Krismasi, sehemu inaitwa Grabtown huko North Carolina, kusini mwa Marekani, kitinda mimba katika watoto saba. Wazazi wakulima wa tumbaku, na kama hapa ndani kuna mtu wa Urambo anajua tumbaku ni nini, unahangaika nayo mwaka mzima halafu bei anapanga mwingine. Shamba likawashinda, mama akawa anapika na kufanya usafi kwenye bweni la walimu, baba akafariki 1938, na binti akapelekwa kusomea usekretari. Huo ndio ulikuwa mpango mzima, awe sekretari, apige taipu, basi.

Sasa mwaka 1941 akaenda New York kumtembelea dada yake mkubwa, Bappie, na mume wa Bappie, shemeji Larry Tarr, alikuwa mpiga picha. Shemeji akampiga picha akaiweka dirishani studio, vile vile kama wapiga picha wetu wanavyofanya, picha ya mteja aliyetoka vizuri inatundikwa mlangoni mpaka jua linaipausha. Akapita kijana mmoja karani, wa kampuni iliyokuwa ndugu na MGM, ile kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, akaiona, akapiga simu pale studio akitaka namba ya yule binti, yaani yeye alikuwa anatafuta mchumba tu jamani, na katika kujipandisha chati akasema picha kama ile ingefaa ipelekwe MGM. Namba hakupewa. Ila wazo shemeji akalidaka, picha akazipeleka mwenyewe.

Wakamwita kwenye majaribio. Alipofungua mdomo ikatoka lafudhi ya shambani, nzito, wale watu wa New York wakabaki wanatazamana. Wakafanya nini? Wakampiga filamu bila sauti. Tembea, kaa, geuka, tabasamu, panga maua kwenye chombo. Hiyo ndiyo iliyopelekwa Hollywood na hiyo ndiyo iliyompa mkataba wa miaka 7 kwa dola 50 kwa wiki, na walipompokea wakampa mwalimu wa kumfuta lafudhi. Hilo la maua naomba mlishike.

Kuanzia hapo miaka kama mitano ni vipande tu, anapita nyuma ya stelingi, anapigwa picha za magazeti akiwa na nguo ya kuogelea. Katikati akaolewa na mwigizaji Mickey Rooney, ikavunjika, akaolewa na Artie Shaw wa jazi, nayo ikavunjika. Hayo ya ndoa nayapita mbio, yameandikwa kuliko filamu zake.

1946, kampuni nyingine ya filamu, Universal, wakamwazima kutoka MGM kwa ajili ya filamu ya The Killers. Mwongozaji ni Robert Siodmak, aliyekimbia Ujerumani Wanazi walipoingia, na watu wa aina yake ndio walioleta Hollywood ule mtindo wa taa moja kali, nusu ya uso ipo nusu imemezwa na giza. Waandishi wa Paris mwaka huo huo 1946 wakaanza kuziita hizi filamu "film noir", yaani filamu nyeusi, na weusi wenyewe haukuwa wa taa tu, vita ndio imeisha, watu wamerudi na mambo yao moyoni, ukiangalia hizo filamu hakuna anayemwamini mwenzake.

Kwenye The Killers jamaa anaitwa Swede, bondia aliyevunjika mkono, ndiyo filamu ya kwanza kabisa ya Burt Lancaster, anauawa mwanzoni tu, amelala kitandani anawasubiri wauaji wala hakimbii. Halafu mpelelezi wa bima anazunguka kuuliza kwa nini, kila mtu anasimulia kipande chake, filamu nzima ni kumbukumbu za watu. Na Kitty, yaani Ava, tunamwona ndani ya hizo kumbukumbu. Mara ya kwanza ni kwenye sherehe, Swede amekuja na msichana mwingine kabisa, Kitty yuko karibu na piano amevaa gauni jeusi la bega moja, anaimba, na jamaa amekwisha, anamsahau hata aliyekuja naye, yule binti wa watu anabaki anaangalia tu. Ile nyimbo anaimba kwa sauti yake mwenyewe. Siodmak pia alimtaka bila mekapu, Ava alikuja kulisimulia hilo mwenyewe, kwamba alifika kapakwa rangi zote za MGM akaambiwa kaoshe uso.

Watu wanamwita Kitty mwanamke hatari, sawa, ni hatari kweli, Swede alikwenda jela kwa sababu ya kito cha wizi alichokuwa amevaa huyo dada. Lakini hebu angalieni filamu ilivyosukwa. Polisi anamsimulia, mfungwa anamsimulia, jambazi anamsimulia, yeye mwenyewe anakuja kukaa na kuongea na mpelelezi mwishoni mwishoni. Na mwisho wenyewe, mimi nimeuona mara nyingi na bado unanikaa, mume wake Colfax amepigwa risasi anakata roho kwenye ngazi, polisi wamezunguka, Kitty amepiga magoti anambembeleza yule mtu anayekufa aseme kwamba Kitty hana hatia. Sema, Kitty hana hatia. Analia, anamtikisa, na yule mtu ameshakufa. Mwanamke amesemewa na wanaume filamu nzima, siku anayotaka kweli asemewe, msemaji amekata kauli. Wengine mtaniambia nazidisha, poa, tutabishana kwenye maswali.

Baada ya pale akawa staa, na staa wa MGM analindwa kama mtambo. 1951 wakamchezesha Show Boat, filamu ya nyimbo, anaimba nyimbo mbili, akafanya mazoezi wiki na wiki akazirekodi, halafu mabosi wakachukua sauti ya mwimbaji mwingine, Annette Warren, wakaibandika juu ya mdomo wake. Sisi tuliokulia vibanda vya video hatushangai sauti ya mtu mwingine juu ya mdomo, tuna kina Lufufu, tuna DJ Afro, wa kutusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, lakini wale wanatuchekesha na kila mtu anajua. Hapa ilikuwa kimya kimya. Kichekesho ni kwamba sahani ya santuri ilipotoka wakalazimika kuweka sauti ya Ava, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kwenye jalada.

Sasa tuje nyumbani kidogo. Filamu ya Mogambo, 1953, mwongozaji John Ford, yumo Clark Gable na Grace Kelly. Hollywood walitangaza kwamba mogambo ni neno la Kiswahili maana yake mahaba. Nauliza humu ndani, kuna mtu amewahi kumwambia mwenzake nina mogambo na wewe? (Kicheko.) Inasimuliwa kwamba mtayarishaji, Sam Zimbalist, alichezea tu jina la klabu ya usiku ya Hollywood, Mocambo. Mimi nilipolisikia mara ya kwanza nikamkumbuka Mogambo, yule adui wa filamu ya Kihindi, Mr. India.

Walikuja Novemba 1952, na serikali ya kikoloni Kenya ilikuwa imetangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba, Kenyatta yuko ndani, Mau Mau msituni, na ndani ya filamu hayo hayapo kabisa, ni sokwe na mahaba. Walipiga Kenya, wakapiga upande wa mto Kagera, na mwanzoni mwa filamu inaandikwa shukrani kwa Wasamburu, kwa Wahaya, kwa Wagenia wa Kongo, kwa M'Beti, makabila kwa jumla, kama unavyowashukuru wapishi wa harusi. Ava alikuja na mume wake wa tatu, mwimbaji Frank Sinatra, aliyekuwa amefulia kikweli, sauti ilimkatikia jukwaani mwaka 1950 na kampuni zikamtema, kwa hiyo mlipaji ni mke. Huko huko porini Ava akatimiza miaka 30.

Na hapo ndipo alipoongea. Mhusika wake naye anaitwa Kelly, msimchanganye na Grace, ana mdomo, anajibu, anatania, anaudhika, na ni sauti yake. Kuna sehemu analisha watoto wa tembo, mmoja anamsukuma anaangukia tope, anaporomosha maneno, na Ford hakuzima kamera. Hiyo filamu ndiyo iliyompa uteuzi wake pekee wa Oscar, tuzo ikaenda kwa Audrey Hepburn. Halafu sikia hii: Hispania ya dikteta Franco, wakaguzi hawakutaka watu waone mke wa mtu anatoka nje ya ndoa, kwa hiyo kwenye kutafsiri maneno wakamfanya Grace Kelly na mume wake wawe kaka na dada. Wanalala hema moja. Kukwepa dhambi ndogo wakaingia kwenye kubwa.

Baadaye akahamia huko huko Hispania, akaachana na Sinatra kisheria 1957 ila hawakuachana kuongea, na 1968 akahamia London. 1986 akapata kiharusi, upande mmoja ukalegea. Pesa zikapungua akamwita mwandishi waandike maisha yake, akamwambia wazi ni kitabu au auze vito, na vito anavipenda. Alifariki tarehe 25 Januari 1990, akarudishwa North Carolina akazikwa Smithfield na ndugu zake. Msaidizi wake wa nyumbani, Carmen, pamoja na mbwa, walichukuliwa na mwigizaji Gregory Peck wakaenda kuishi kwake California, na mimi kwa hilo tu Peck nampenda.

Sasa muda umeisha naona mnaangalia saa. Projekta imekufa ila spika ipo, nimeijaribu asubuhi. Nina ile rekodi ya santuri ya Show Boat, wimbo unaitwa Bill, sauti yake mwenyewe, si ya Annette Warren. Kaka wa hapo nyuma zima taa basi, na wenye simu naomba mzime.